Opera za kiangazi nilizotazama nikiwa Tanga: Bregenz na Glyndebourne

Jamani watu wa taarab mnisikilize kidogo. Haya matamasha ya opera ya Ulaya, yani michezo ya kuigiza inayoimbwa, wanayofanya kiangazi yamerekodiwa, nami nimeyatazama hapa hapa Ngamiani kwenye tivii ya sebuleni na spika za kawaida tu, niko na shangazi yangu ambaye ni mtu wa Black Star, lile kundi la taarab la Tanga, tangu usichana wake, kwa hiyo sauti mbovu hapiti nayo.

Tulianza na Rigoletto ya mtunzi Verdi, kisa cha mchekeshaji wa ikulu mwenye jina hilo, onyesho la Bregenz kule Austria, mwaka 2019. Aisee! Jukwaa liko ndani ya ziwa, na ni kichwa kikubwa mno cha mchekeshaji, kinazungusha macho, kinafungua mdomo, na kadiri mambo ya Rigoletto yanavyoharibika nacho kinabomoka, pua inaondoka, meno yanaondoka, mpaka mwisho kinatazamika kama fuvu. Kuna pahala Mélissa Petit, ndo Gilda binti yake Rigoletto, anaimba mapenzi yake ya kwanza akiwa amepandishwa juu kabisa kwenye puto, chini maji matupu, na sauti haitetereki hata chembe. Vladimir Stoyanov kama baba mtu alinitoa machozi kweli, pale anapowabembeleza wale mabwana wa ikulu wamrudishie mwanawe.

Ila pale wanatumia maiki na spika. Watazamaji ni kama elfu saba, wako nje, na okestra yenyewe haiko ziwani, inapiga ndani ya ukumbi wa jirani halafu sauti inaletwa, kwa hiyo hakuna namna. Mi sikuona tatizo mpaka tulipoweka Glyndebourne.

Glyndebourne ni Uingereza, shambani huko Sussex, alianzisha John Christie na mkewe Audrey Mildmay, mwimbaji, mwaka 1934, na opera ya kwanza ilikuwa Ndoa ya Figaro ya mtunzi Mozart, hiyo hiyo wakafungulia ukumbi mpya 1994. Tulitazama Figaro yao ya 2012. Mwongozaji Michael Grandage kaiweka kwenye nyumba ya Kihispania ya miaka ya sitini, matao, nakshi, yani mtu wa mwambao unajisikia nyumbani. Ukumbi una viti kama 1,200 tu, waimbaji hawana maiki, ni kifua na pumzi juu ya okestra nzima. Shangazi akauliza, "Mwanangu, hawa sauti yao inatokea wapi?" Halafu Sally Matthews, yule mke wa bwana mkubwa ambaye mumewe anahangaika na wasichana wa kazi, akaimba kuuliza zile siku tamu zimekwenda wapi, taratibu, bila kupiga kelele. Shangazi akafungua fundo la khanga. Kutunza tivii haiwezekani lakini mkono ulishakwenda.

Ubaya upo. Figaro ni ndefu, zaidi ya saa tatu, na yale maongezi ya nusu kuimba katikati yanachosha, tena maandishi ya chini hayana Kiswahili, nilikuwa nasimamisha kila mara namweleza shangazi nani kajificha wapi.

Kwa macho chukueni Bregenz. Kwa sauti, na mi nataka sauti, Glyndebourne imeshinda mbali sana. Ila msitazame kwa spika ya simu, mtakosa vyote.