Nani amiliki chaja? Njia mbili za California

Hadi mwaka 2014, California ilizikataza kampuni za umeme kumiliki vituo vya kuchajia magari, kwa hofu kwamba zingewameza wafanyabiashara wengine. Desemba ile CPUC, tume ya jimbo inayosimamia kampuni hizo, ikalegeza: kila ombi lipimwe peke yake. Januari 2016 ikapitisha majaribio mawili ya kampuni za umeme, yote yakilipiwa kupitia bili za wateja, hata wasio na gari.

Southern California Edison: hadi chaja 1,500, dola milioni 22. Kampuni ilivuta nyaya na kuweka paneli za umeme, basi. Mwenye eneo alinunua chaja mwenyewe, akisaidiwa na ruzuku.

San Diego Gas & Electric: hadi chaja 3,500, dola milioni 45. Hapa kampuni ilimiliki mpaka chaja yenyewe. Bei ya kuchaji ilibadilika saa kwa saa, ili dereva achaji umeme unapokuwa mwingi, na mwenye jengo hakusumbuka na matengenezo.

Mimi naegemea Edison. Anayekuunganishia umeme kisha akashindana nawe ni refa aliyevaa jezi. Ila kwenye majengo ya wapangaji, ambako wawekezaji binafsi husitasita kufika, San Diego wana hoja.