Jenereta au sola kwa friji ya duka Kigoma

Bei kikomo ya petroli EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania) huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Kigoma nauli ya lori kutoka bandarini imo ndani ya kila lita. Jenereta ya kVA 2 ikibebeshwa mzigo inakaribia lita moja kwa saa. Oili usipoibadilisha kila saa 100, pistoni inakwaruzika.

Kwa friji ningechukua sola, kwa kuchomelea hapana. Betri ya asidi ya 12V, 100Ah ina Wh (wati-saa) 1,200. Tumia nusu tu. Kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli hadi betri) funga betri kwanza, paneli baadaye. Inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha friji) ifungwe betrini moja kwa moja: friji ikiwaka huvuta mara kadhaa ya kawaida, na kontrola ndogo (mafundi wengi hupitishia hapo!) inaungua.