Hela ya tajiri au michango ya mashabiki? Sporting Fingal na Cork City

Klabu ikimilikiwa na tajiri na ikimilikiwa na mashabiki ipi inadumu? Mi naangalia Ireland. Sporting Fingal ya kaskazini mwa Dublin iliingia ligi 2008 kwa hela ya watu wa ujenzi, 2009 tu wakabeba FAI Cup, kombe la taifa la Ireland, kwa kuwapiga Sligo Rovers 2-1, mwaka uliofuata wakacheza mechi za kufuzu Europa League na Marítimo ya Ureno, yaani raha tupu. Biashara ya nyumba ikaanguka, hela ikakata, Februari 2011 ligi inakaribia kuanza timu ikafa na wachezaji wakabaki hawana kazi, inauma sana. Mashabiki wa kuibeba hawakuwepo, timu yenyewe changa.

Cork City nayo iliuliwa na wamiliki, tusidanganyane. Bingwa wa 2005, ila 2008 ikawa chini ya ulinzi wa mahakama sababu ya madeni na Februari 2010 Mahakama Kuu ikaivunja kampuni, kodi ya serikali haijalipwa. Lakini hapa kulikuwa na FORAS, chama cha mashabiki kilichoanza 2008, wakachangishana, wakapata leseni, msimu uleule wakaanza daraja la pili, 2011 wakapanda, na 2017 wakabeba ligi na kombe pamoja!

Mi nasimama na mashabiki kabisa. Shida yao ni mtaji, 2020 Cork ikashuka tena na mwishoni mwa 2022 ikauzwa kwa mfanyabiashara Dermot Usher, ila hapo wanachama wenyewe ndo walipiga kura.