Kabla hujatoa mamilioni ya kamera, mwambie muuzaji afungue kifuniko cha kadi

Tangu msimu wa harusi uanze ujumbe ninaopokea ni ule ule, unabadilika namba tu: "Dada, nina Canon 80D, nimejibana nimefikisha milioni nne na nusu. Nichukue Canon R8, au nivumilie nipate kubwa zaidi?" Juzi ukaja wa aina nyingine. Kaka mmoja wa Morogoro alipiga ndoa kanisani, akapiga keki, akapiga ndafu ikiingia ukumbini, kisha kamera ikamwandikia kwamba kadi haisomeki. Kadi ilikuwa moja kwa sababu sloti, yaani tundu la kuingizia kadi, ilikuwa moja. Na kamera yenyewe ilikuwa mpya, ya bei mbaya. Kamati inataka hela yake, na bibi harusi hapokei simu.

Kwa hiyo hapa usitafute habari za megapikseli. Ziwe 20 au 33, albamu ya harusi haitajua tofauti. Rangi utazirekebisha kwenye kompyuta. Mimi naangalia kitu kimoja ambacho wauzaji wa Posta na Kariakoo hawakionyeshi mpaka uwalazimishe: kile kifuniko cha ubavuni kikifunguliwa, kuna sloti ngapi za kadi?

Na swali la kupanda daraja nalijibu kwa kipimo hicho hicho. Kama unalipwa kupiga mambo yasiyorudiwa, yaani ndoa, sendoff, mahafali, mazishi, na kamera yako ina sloti moja, panda, hata kama itabidi usubiri. Kama unapiga pasipoti, bidhaa za mtandaoni au picha za studio, tulia na ulichonacho, hela hiyo nunua lenzi nzuri na flashi ya pili. Na kama tayari una Nikon D750 au Canon 5D Mark III mkononi, una sloti mbili. Anayekwambia umepitwa na wakati anatafuta mteja.

Tuseme ukweli kuhusu kadi zenyewe, maana kiini cha balaa kiko hapo. Mjini kadi feki zimejaa, zenye nembo za kampuni kubwa na pakiti inayong'aa. Ganda linasema GB 64, ndani kuna 8 au 16, na kichipu kinachoendesha kadi kimepangwa kudanganya: kamera ikiuliza kama nafasi ipo, kinajibu ipo. Picha za mwanzo zinakaa salama. Memori halisi ikijaa, zinazofuata zinaandikwa juu ya zilizotangulia au zinapotea kabisa, huku kwenye skrini ukiona kila picha inatokea kama kawaida. Dawa ni kuijaza kadi nzima kabla ya kuitumia: kwenye Windows kuna programu inaitwa H2testw, kwenye Mac na Linux kuna F3. Inaandika mpaka mwisho, kisha inasoma tena kila kitu, na feki inaumbuka. Lakini hata kadi halali hufa. Jasho, vumbi, kuchomeka na kuchomoa kila siku, halafu ghafla kimya. Sloti ya pili, inayoweza kuweka nakala ya kila picha, ipo kwa ajili ya siku hiyo.

Kinachoniudhi ni kwamba watengenezaji wanajua. Nikon D7200 ya 2015 ilikuwa na sloti mbili. Mrithi wake, D7500 ya 2017, ikapunguzwa ikabaki moja. Mwaka 2018 Nikon hao hao wakaleta Z6 na Z7, kamera za maana, kila moja na sloti moja ya XQD, kadi ambayo kuipata hapa ni safari. Wapiga picha duniani kote walipiga kelele. Mwaka 2020 Nikon wakaja na Z6 II na Z5, zote sloti mbili. Hapo ndipo waliponipata, na sifichi: mimi ni mtu wa Nikon, soma ukijua hivyo. Wenzao hawakusikia. Canon R8 ilitoka 2023 kwa dola 1,499 za Marekani, sloti moja. Sony a7C II, mwaka huo huo, dola 2,199, sloti moja! Z5 ilikuwa imeshatoka miaka mitatu nyuma kwa dola 1,399 ikiwa na mbili. Usiniambie ni gharama.

Ya kwanza kwangu ni Nikon Z5 II ya 2025, iliyoanza kuuzwa kwa dola 1,699. Sensa ya ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, sloti mbili za SD za kawaida zenye kasi sawa, kizuia mtikisiko ndani ya bodi, na fokasi inayomshika mtu hata ukumbi ukizimwa taa kwa ajili ya kuingia maharusi. Mfuko usipofika, chukua Z5 ya kwanza. Ni pole pole, picha 4.5 kwa sekunde, na video ya 4K inakata picha pembeni sana, kwa hiyo anayepiga video asiiguse. Lakini kwa picha za mnato ni kazi safi. Tena betri ni ukoo ule ule wa EN-EL15 uliomo kwenye D750, kwa hiyo zako za zamani zinaingia, ingawa za kizazi cha kwanza hazidumu sana na hazichajiwi kwa waya wa USB. Lenzi za zamani zinavaa kupitia adapta ya FTZ. Angalizo: za AF-S (zenye mota ndani yake) zinafokasi zenyewe, za AF-D (zinazotegemea mota ya kamera) utazungusha kwa mkono. Wengi huambiwa "zote zinaingia tu" wakaishia kuikodolea macho lenzi yao ya milimita 50 ya AF-D.

Kasoro ya Nikon hapa Dar ni upweke. Lenzi ikidondoka saa saba mchana, wenzako wote ukumbini wana Canon na hakuna wa kukuazima. Ndiyo maana ya pili naiweka Canon R6, ile ya kwanza ya 2020. Megapikseli 20 ambazo watu wanazidharau bure, sloti mbili za SD, na lenzi zako za EF, zile za Canon za zamani, zinafanya kazi vizuri mno kwa adapta. R6 Mark II ni bora zaidi, ila tofauti ya bei mimi ningeipeleka kwenye lenzi.

Sony a7 III na a7 IV zinafuata. Kwenye a7 III sloti ya pili ni ya kasi ndogo, halafu, sijui waliwaza nini, sloti namba 1 iko chini na namba 2 iko juu. Ukiwa na haraka utakosea. Za bei nafuu? D750 iliyotumika, ukiikagua shata (pazia linalofunguka kila ukipiga), inatosha. Canon 4000D sijui nisemeje. Hata pete ya kufungia lenzi ni ya plastiki.

Sasa wauzaji. Mwezi uliopita niliingia duka moja kumsindikiza mdogo wangu. Bei kwanza ikatajwa kwa dola, ilhali tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Tukauliza kwa shilingi, ikatoka namba iliyopigwa kwa kiwango cha dola anachokijua yeye peke yake. Kisha: "Mnataka na risiti au bila?" VAT ya kawaida ni asilimia 18, mnunuzi anaona ameokoa, kumbe ameacha pale ushahidi pekee kwamba kamera aliinunua. Boksi la R6 lilikuwa limeshafunguliwa, chaja haipo, na chaja hiyo hiyo inauzwa kwenye kabati la pembeni. Kiwandani R6 hutoka na chaja yake! Badala yake tukapewa "ofa": begi, tripodi inayotetemeka ukikohoa, na kadi ya GB 64 isiyo na pakiti. Hiyo kadi ya ofa ndiyo nilitaka kumrushia. Kamera ya mamilioni, unaizawadia sumu.

Ukienda mwenyewe, nenda na kadi zako mbili ulizozipima. Washa kamera, hakikisha menyu si ya Kijapani pekee, maana Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani ziko hivyo. Kisha ingia kwenye mpangilio wa kadi. Nikon hutoka ikiwa imepangwa sloti ya pili ingoje ya kwanza ijae, Canon hutoka ikiandika kadi moja tu. Ibadilishe iandike zote mbili kwa pamoja, piga picha kumi palepale kaunta, toa kadi ya kwanza, halafu angalia kama zote kumi ziko kwenye ya pili. Muuzaji akianza kukuharakisha, mwachie kamera yake.