Chaja ya gari la umeme nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Anayenunua gari la umeme kwanza huuliza linajaa kwa muda gani. Maswali ya maana zaidi ni mawili: gari linalala nyumbani kwa saa ngapi, na kwa siku linakula uniti ngapi? Gari la kawaida hutumia uniti 15 hadi 20, yaani kilowati-saa 15 hadi 20, kwa kila kilomita 100. Mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku anahitaji kurudisha uniti 6 hadi 8 tu, na ana usiku mzima wa kuzirudisha. Tumepanga chaja hizi kwa hesabu hiyo, ndiyo sababu zenye nguvu kubwa kuliko zote ziko mwisho wa orodha.

Hesabu ya muda

Zidisha volti kwa ampea, gawanya kwa 1,000, utapata kilowati. Kwenye umeme wa fezi moja wa volti 230, ampea 10 ni kilowati 2.3, ampea 16 ni 3.7 na ampea 32 ni 7.4. Kwenye fezi tatu zidisha tena kwa tatu: ampea 16 ni kilowati 11 na ampea 32 ni 22.

Sasa chukua betri ya kilowati-saa 60 unayotaka kuitoa asilimia 20 kuifikisha 80. Zinazoingia ndani ni uniti 36, ila mita itasoma karibu 40, kwa kuwa nyingine hupotea kama joto kwenye kebo na ndani ya gari. Kwa kilowati 2.3 kazi hiyo inachukua saa 17 na nusu, kwa 3.7, karibu saa 11, kwa 7.4, saa 5 na dakika 25. Kwa 11, saa 3 na dakika 40. Kwa 22, chini kidogo ya saa 2, endapo gari lenyewe linakubali.

Hilo "endapo" huwapotezea watu fedha nyingi. Kisanduku cha ukutani kwa kweli si chaja. Chaja inayogeuza mkondo geu (AC, umeme wa nyumbani) kuwa mkondo mnyoofu (DC) wa betri imo ndani ya gari. Kisanduku ni swichi yenye akili: kupitia waya mdogo wa mawasiliano huliambia gari ampea za juu linazoruhusiwa kuvuta, kuanzia 6, na gari halizidishi hapo. Kama chaja ya ndani ni ya kilowati 7.4, kisanduku cha 22 kitakupa 7.4. Kuna mtego mwingine: baadhi ya magari yanayotangazwa kuwa ya kilowati 11 huvuta ampea 16 kwa kila fezi, hivyo nyumba yenye fezi moja hupata 3.7 tu. Soma karatasi ya vipimo vya gari mstari wa mkondo geu, uangalie ampea na idadi ya fezi, kabla hujaangalia chaja yoyote.

1. Kisanduku cha kilowati 7.4 kinachopima mzigo wa nyumba

Hiki ndicho tunachokipendekeza kwa mwenye nyumba yenye fezi moja. Sababu kubwa si zile kilowati 7.4. Ni kile kihisi kidogo kinachobana waya mkuu unaotoka kwenye mita. Jiko na hita ya maji zikiwashwa, kisanduku huona, hushusha gari hadi ampea 6 au hulisimamisha, kisha hupandisha tena zikizimwa. Bila kihisi, hesabu inakuwa hivi: fyuzi kuu ya ampea 60, jiko ampea 20, hita ya kuogea ampea 30, gari 32. Jumla ni 82. Fyuzi inaweza isikatike papo hapo. Itachemka, na viungio vyake vitachemka nayo. Jiko hujizima na kujiwasha, lakini gari huvuta bila kupumzika kwa saa tano.

Dukani, usikubali kisanduku ambacho kikomo cha ampea hakiwezi kupunguzwa na fundi kwa swichi au mpangilio wa ndani. Ratiba ya kuchaji nayo ikae ndani ya kisanduku chenyewe, iendelee kufanya kazi hata intaneti ikikatika. Tafuta kinachotumia itifaki ya OCPP, lugha ya wazi ya mawasiliano kati ya chaja na programu, ili siku kampuni iliyokitengeneza ikifunga huduma yake uweze kukiunganisha na programu nyingine. Kinga ya maji na vumbi isiwe chini ya IP54 kama kitakaa nje. Uliza pia kinafanya nini umeme ukirudi baada ya kukatika: kizuri husubiri dakika kadhaa kabla ya kuendelea.

Ufungaji una mambo yake, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kisanduku kipate saketi yake peke yake kutoka kwenye bodi kuu, breka ya ampea 40, na waya wa shaba wa milimita za mraba 6. Kwa umbali wa mita 30, waya huo ukibeba ampea 32 hupoteza karibu volti 7, yaani asilimia 3. Zaidi ya hapo, au waya ukipita ndani ya bomba lenye joto pamoja na nyaya nyingine, nenda kwenye milimita 10.

Kifaa kinachokata umeme unapovuja kisiwe cha aina ya AC. Chaja ya gari inaweza kuvujisha mkondo mnyoofu, na mkondo huo hukipofusha kifaa cha aina hiyo: kitakaa kimya hata mtu akishikwa na umeme. Kinachotakiwa ni cha aina B, au cha aina A pamoja na kisanduku chenye kinga ya ndani inayokata mvujo wa mkondo mnyoofu ukifika miliampea 6. Na pale ambapo nyutro na ardhi vinakuja nyumbani kwa waya mmoja, waya huo ukikatika huko nje, mwili wa chuma wa gari unaweza kuwa na umeme. Hivyo chagua kisanduku kinachogundua hitilafu hiyo, au fundi asimike fimbo ya ardhi ya kisanduku pekee.

Skrubu za kufungia waya zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, na zikaguliwe tena baada ya wiki chache. Shaba hulegea ikipashwa joto na kupoa kila usiku. Visanduku vingi vilivyoungua vilianzia hapo.

2. Kebo ya kubeba ya ampea 16 yenye plagi ya viwandani

Ni ile plagi nene ya buluu, ya duara, yenye pini tatu. Kwa saa 10 za usiku inatoa uniti 37, zinazotosha zaidi ya kilomita 150. Watu wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Waya wa milimita 4, breka ya ampea 20, soketi moja, kinga ileile ya mvujo, basi. Mpangaji anaweza kuhama nayo.

Haipimi mzigo wa nyumba, ndiyo maana imekuwa ya pili. Nunua yenye kitufe cha kuchagua ampea 8, 10, 13 au 16, na yenye kihisi cha joto ndani ya plagi. Kile kiboksi cha katikati ya kebo kitundikwe kwenye ndoano. Kikining'inia, uzito wake huvuta plagi taratibu mpaka pini zinashika nusunusu.

3. Kisanduku cha kilowati 11 cha fezi tatu

Kama nyumba tayari ina fezi tatu na gari linazikubali zote, kipandishe hiki kiwe cha kwanza. Kinagawa mzigo sawa kwa nyaya tatu badala ya kuutwika waya mmoja. Ujerumani, kwa mfano, huruhusu tofauti ya mzigo kati ya fezi isizidi kVA 4.6 (karibu kilowati 4.6), kwa sababu mzigo ulioegemea fezi moja hushusha volti ya majirani walio kwenye fezi hiyo. Lakini usiombe kuletewa fezi tatu kwa ajili ya gari peke yake.

4. Kebo ya soketi ya kawaida, ampea 8 hadi 10

Inafaa kwa kilomita 40 za kila siku: saa tatu hadi nne na gari limerudi lilipokuwa. Hatari yake ni soketi. Kiungio kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.2 hutoa wati 20 za joto kwa ampea 10; kwa ampea 13 hutoa wati 34, ndani ya kiboksi kidogo cha plastiki kisicho na hewa. Joto hulegeza kiungio zaidi, nacho huzidi kupata moto. Baada ya dakika 30 za kuchaji, gusa plagi. Kama huwezi kuishika kwa raha, acha na uite fundi. Usitumie waya wa kuongezea, hasa uliozungushwa kwenye gurudumu lake.

5. Kilowati 22, na chaja za mkondo mnyoofu za nyumbani

Ziache. Magari mengi hayapokei kilowati 22 kwa mkondo geu, na zile za mkondo mnyoofu ni nzito, ghali, na zinadai laini ya umeme ambayo nyumba chache zinayo. Kasi ina mahali pake: vituo vya barabarani, safarini. Hata huko, ondoka ukifika asilimia 80. Kuanzia hapo gari lenyewe hupunguza mkondo kulinda betri, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda sawa na zote zilizotangulia.

Transfoma ya mtaani

Chaja yako haiko peke yake. Tuseme transfoma ya kVA 100, karibu kilowati 100, inahudumia nyumba 50, na kila nyumba jioni inavuta wastani wa kilowati 1.5. Hizo ni 75. Magari 10 yakichomekwa saa moja usiku kwa kilowati 7.4, yanaongeza 74, na transfoma inazidiwa kwa nusu ya uwezo wake. Magari hayohayo 10, kila moja likihitaji uniti 8, yakigawana uniti hizo 80 kwa saa nane za usiku wa manane, yanaongeza kilowati 10 tu. Umeme ni uleule kwenye mita. Kilichobadilika ni saa na kasi.

Transfoma iliyozidiwa hailipuki lazima. Inazeeka. Karatasi inayohami nyaya zake, ikipita joto iliyopangiwa, huharibika mara mbili haraka zaidi kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi zinazoongezeka. Usiku ndio ulikuwa muda wake wa kupoa. Kwa hiyo hata usiku, chaji polepole kadiri asubuhi yako inavyoruhusu.

Ratiba nazo zinaweza kudhuru. Kila mtu akiweka saa nne kamili, kilele kipya kinazaliwa saa nne kamili. Uingereza, tangu 30 Juni 2022, imelazimisha visanduku vipya vya nyumbani kuchelewesha kuanza kwa muda wa bahati nasibu, kwa kawaida hadi dakika 10. Ujerumani, tangu Januari 2024, inawaruhusu wenye mtandao wa umeme kushusha visanduku vipya hadi kilowati 4.2 laini ikielemewa, na mteja hupunguziwa ada ya mtandao huo. Kama chaja yako haina ucheleweshaji huo, weka mwenyewe saa isiyo kamili, mfano saa tano na dakika 23.

Kabla na baada ya kulipa

Hakikisha plagi ya chaja inafanana na tundu la gari. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T, ya Ulaya hutumia Aina ya 2, na mengi ya zamani ya Japani hutumia Aina ya 1. Kibadilishi ni kiungio kingine cha kupata moto. Chaja yenye plagi sahihi ni bora kuliko kibadilishi. Kebo iwe na urefu wa kufika bila kunyooka kabisa, kwa kawaida mita 5 hadi 7.5.

Kikishafungwa, mpe fundi mita ya volti. Apime kwenye meni swichi na kwenye kisanduku kabla ya kuchaji, halafu apime tena dakika 10 baada ya gari kuanza kuvuta. Volti ikishuka kwenye kisanduku tu, waya wako ni mwembamba au kiungio kimelegea. Ikishuka pia kwenye meni swichi, laini ya mtaa ndiyo dhaifu. Ikienda chini ya 207 kwenye mfumo wa 230, punguza kikomo cha ampea hadi ipande, kisha peleka vipimo hivyo kwa shirika la umeme.