Piano za haibridi: ipi ya Malindi, ipi ya Lamu

Piano kubwa ya mlalo ina uzito wa kuanzia kilo 250 hadi karibu 500, na nyuzi zake za chuma haziivi chungu kimoja na upepo wa chumvi. Kwa anayekaa Malindi au Lamu na bado anautaka mguso ule, njia iliyobaki ni piano ya haibridi: nyuzi zimeondolewa, mtambo wa vibonye na nyundo umebakizwa. Nyundo ikirushwa hukutana na kizuizi mahali pa waya. Kwa kawaida sensa za mwanga husoma mwendo wake, au wa kibonye, bila kuugusa, kisha spika hutoa sauti iliyorekodiwa kwenye piano halisi.

Unacholipia ni mguso. Sauti nzuri siku hizi hata vinanda vya bei nafuu vinayo, kwa hiyo muuzaji akianza kukuhesabia idadi ya sauti, msikilize kwa adabu halafu rudi kwenye vibonye.

Mguso wenyewe una mambo matatu. La kwanza ni kuachia: kibonye kikikaribia mwisho wa safari yake ya milimita 10 hivi, wenzo huiachia nyundo iende yenyewe, na kidole husikia kijikwazo kidogo. La pili ni kurudia. Tangu Mfaransa Sébastien Érard alipobuni mfumo wake mwaka 1821, piano ya mlalo hukuruhusu kupiga tena kabla kibonye hakijarudi juu kabisa. Piano ya wima haiwezi hivyo, kwa sababu nyundo zake hupiga kwa ubavu na kurudishwa na springi. Za mlalo hupiga kwenda juu na kuanguka kwa uzito wao. La tatu ni urefu wa kibonye ndani ya kasha, ule usiouona. Kikiwa kifupi, ukipiga karibu na ubao wa nyuma kinakuwa kigumu kama kimekwama.

Kwa hiyo dukani fanya hivi, piano ikiwa imezimwa. Bonyeza kibonye cha katikati taratibu mno, utafute kile kijikwazo. Kanyaga pedali ya kulia, weka uzito wa gramu 50 kwenye ukingo wa kibonye (sonara yeyote atakupimia): kishuke polepole. Kikianguka kwa kishindo ni chepesi mno. Kisiposhuka, ama ni kizito kwa makusudi au felti (vitambaa vizito vya sufu ndani ya mtambo) zimevimba. Linganisha na vibonye jirani ujue ni lipi. Sasa iwashe, bonyeza, achia hadi nusu, bonyeza tena. Sauti ya pili isipotoka, mtambo huo si wa mlalo, hata kama kasha lina umbo la piano kubwa.

Namba moja: Kawai Novus NV10S na Yamaha AvantGrand N1X. Zote mbili zina mtambo kamili wa piano ya mlalo. Kwa pwani tunaitanguliza Kawai, maana sehemu nyingi za mtambo wake ni plastiki ya ABS yenye kaboni, isiyovimba kwa unyevu kama mbao. Pia ina vizimio halisi (vile ambavyo kwenye piano ya kawaida hunyamazisha nyuzi), hivyo pedali ina uzito wa kweli mguuni. N1X haina aibu yoyote, na mwenye kupenda sauti ya piano za Bösendorfer za Austria ataipata humo. N3X ya Yamaha ni nzuri zaidi, vibonye vyake hata hutetema kama vya piano yenye nyuzi, ila ina karibu kilo 200. Iache kwa hoteli, tena ikae ghorofa ya chini.

Namba mbili: Casio Grand Hybrid, GP-310 au GP-510, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na C. Bechstein, watengenezaji wa piano wa Ujerumani. Vibonye ni vya mbao kwa urefu wote na nyundo zinatembea kweli, lakini mtambo si kamili. Jaribio la kuachia halitakuridhisha. Uzito wake haufiki kilo 80. Kwa nyumba ya Lamu yenye ngazi nyembamba zinazopinda, hii ndiyo inapanda hadi namba moja, kwani zile za juu zinapita kilo 100.

Namba tatu: Yamaha NU1X na Kawai NV5S. Mtambo ni halisi, ila wa piano ya wima. Anayejifunzia piano ya wima zitamfaa. Anayetafuta mguso wa mlalo atakuwa amelipa pesa nyingi kwa kitu kingine.

Ya mwisho ni piano ya kawaida yenye kifaa cha kuzima sauti. Nyuzi zimo, kutu imo, na kupimwa sauti (fundi kukaza nyuzi zitoe noti sahihi) kunabaki palepale. (Mpiga taarabu anayehitaji robo sauti za maqam, yaani mizani za muziki wa Kiarabu, asisumbuke na yoyote kati ya hizi. Kinanda cha maqam kitamtosha.)

Haibridi haihitaji kupimwa sauti, lakini mtambo unahitaji fundi wa piano kuurekebisha. Ugonjwa wa huku ni felti za vibonye kunyonya unyevu wa masika, kibonye kikazubaa kurudi. Nunua kipimo cha unyevu na ujaribu kukaa kati ya asilimia 40 na 60. Kiyoyozi cha usiku tu hakisaidii. Kupanda na kushuka kila siku huumiza mbao kuliko unyevu uliotulia. Funika kwa kitambaa, kamwe si nailoni, na usiiweke mkabala na dirisha la baharini, chumvi hula viungio vya umeme. Mchwa wakague kila mwezi.

Umeme: zilizotumika zinazotoka Japani moja kwa moja ni za volti 100, na hapa ni 240. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Weka stabilaiza, na umeme ukikatika chomoa hadi urudi na kutulia.

Kwa Lamu, dai bei ya hadi mlangoni: lori hadi Mokowe, boti, mkokoteni, mahamali. Epuka miezi ya kusi kali, Juni hadi Agosti, na uiteremshe maji yakiwa yamejaa ili boti ilingane na gati. Ghorofani iegemeze ukutani, miguu yake ikigawana boriti zaidi ya moja.