Stima ya Lamu ilivyo, na kwa nini makaa ya mawe yasingeitibu

Kwa nyumba yenye taa, feni na televisheni, stima ya gridi hapa Lamu inatosha, tena imeshinda mbali enzi za majenereta ya dizeli. Kwa mwenye friji za samaki au mashine ya barafu, isitegemewe peke yake.

Sababu iko njiani. Umeme unatoka Rabai, karibu na Mombasa, kwa laini ya kilovolti 220, unapita Malindi na Garsen, na Lamu iko mkiani. Hitilafu yoyote huko nyuma inazima huku. Jioni watu wakiwasha kila kitu, volti zinashuka. Pima kwenye soketi saa sita mchana, kisha saa mbili usiku. Kiwango ni volti 240. Ukikuta chini ya 210, zima friji, kwa maana kompresa italazimika kuvuta mkondo mkubwa na koili zake zitaungua.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa kusi huitupa juu ya vikombe vya nguzo, yaani vihami vinavyoshikilia waya, ikaganda. Mvua kubwa huiosha. Kinacholeta balaa ni umande au manyunyu, kwa sababu chumvi iliyolowa hupitisha umeme. Usiku utasikia mlio wa kukaanga na kuona cheche za buluu, kisha fyuzi ya transfoma inakatika. Tazama pia waya unaoingia nyumbani: alumini ikifungwa moja kwa moja na shaba, kiungo huliwa, hupata moto, na taa zikaanza kupepesa. Mwambie fundi atumie kiunganishi cha metali mbili.

Haya yote yasingetibiwa na kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu. Kilikuwa kiwe na mitambo mitatu ya megawati 350, jumla 1,050, na umeme wake ulikusudiwa kupanda laini ya kilovolti 400 kuelekea Nairobi. Leseni yake ya mazingira ilipofutwa na mahakama maalumu ya mazingira Juni 2019, matumizi ya juu kabisa ya Kenya nzima yalikuwa hayajafika megawati 2,000. Mtambo mmoja wa 350 ukizimika ghafla usiku, wakati matumizi yako chini, gridi inayumba vibaya. Na makaa hayawashwi na kuzimwa kama dizeli: boila iliyopoa inachukua saa nyingi kurudi kazini. Mkataba ulikuwa wa miaka 25, wa kulipia uwezo wa mitambo hata umeme usipotumika, na makaa yenyewe yangeanza kwa kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ilikataa rufaa ya Amu Power, kampuni iliyotaka kukijenga, na kwa maoni yetu Lamu imeepushwa na mzigo mzito.

Kweli, mtambo mkubwa wa jirani huinua volti za eneo, ilimradi umeunganishwa na laini ya eneo hilo. Lakini vikombe na viungo vingebaki vilevile. Kituo cha jua cha Langobaya, Malindi, chenye megawati 40, nacho kinasaidia mchana tu. Saa mbili usiku hakipo.

Kwa hiyo fedha ziwekwe kwenye kinga. Friji iwe na kifaa cha kuchelewesha umeme unaporudi, dakika tatu hadi tano, presha ya gesi ipate kutulia. Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, isipimwe kwa wati za kawaida za friji: friji ya wati 150 huvuta mara kadhaa ya hizo inapoanza, kwa hiyo chukua stabilaiza yenye uwezo wa VA (volti-ampea) 1,000 kwenda juu.

Kwa Shela na kwingine kwenye mchanga mkavu, chuma cha ethi, kinachopeleka ardhini umeme uliovuja, cha mita 1.2 mara nyingi hakifiki penye unyevu. Unganisha viwili, vipigwe mpaka vifike mchanga uliolowa, kisha fundi apime kwa mita ya ethi. Kubonyeza kitufe cha majaribio kwenye swichi ya usalama, ile inayokata umeme ukivuja, hakutoshi: kitufe hicho kinajaribu swichi yenyewe, na itakatika vizuri hata kama waya wa ethi umeng'oka.